Jino la Kibogoyo

Sauti ya kutafuna ilianza wakati wa chakula cha jioni, sahani zikiwa bado tupu mezani.

"We Kibogoyo, unatafuna nini peke yako?" mama alimtania binti yake. Jina hilo alimpa yeye mwenyewe siku jino lake la mbele lilipong'oka.

Mtoto akaachama. Mdomoni hamkuwa na kitu, pengo tu. Lakini sauti haikukoma. Ilitoka chini ya meza, krr, krr, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno, ikaja na harufu ya udongo wa pangoni. Mama akaishiwa hamu ya kula. Harufu hiyo aliijua vizuri, maana kila siku alirudi nayo kutoka kazini.

Alikuwa fundi wa mifupa katika jumba la makumbusho. Alisafisha masalia ya watu wa kale ambao hawakuwa mababu zetu hasa. Walikuwa jamaa zetu wa pembeni, ukoo ulioishi duniani sambamba na wetu kisha ukatoweka wote. Bosi wake, Profesa, alikuwa amemkabidhi taya la mtoto wa ukoo huo, likiwa na jino moja tu la utotoni. Alitakiwa kulitoboa kidogo apate unga wa kupima vinasaba.

Siku ya kutoboa, feni haiwashwi. Hilo hata mfagiaji anajua. Lakini siku hiyo, kabla sauti ya kutafuna haijaanza nyumbani, joto lilimzidi, akaiwasha; tena alikuwa na haraka ya kumfuata mtoto shuleni, akaikandamiza keekee ya kutobolea. Jino likasagika lote na feni ikapeperusha unga. Fundi akasimama mikono kichwani. Mfukoni alikuwa na jino la Kibogoyo, limefungwa kwenye karatasi laini. "Nitunzie, mama," mtoto alikuwa amemwambia asubuhi. Akaliloweka kwenye chai ya rangi mpaka likageuka, akalitoboa, akalibandika kwa gundi kwenye taya la yule marehemu. Alijua anafanya ubaya, akafanya.

Majibu yalipotoka, Profesa nusura acheze. "Vinasaba ni vya watu kama sisi! Mtoto huyu ni damu yetu kabisa!"

Fundi alitamani ardhi immeze.

Nyumbani, Kibogoyo alianza kukonda. Chakula chake kiliisha sahanini bila yeye kula. Mchana mmoja alimvuta mama yake sikio, akanong'ona, "Kuna mtoto chini ya kitanda changu. Anasema na yeye ni wako."

Mama akakimbilia kwa mganga, akamwaga yote. Mganga alikuwa mama mtu mzima asiye na masihara.

"Jini ningemfukuza," alisema. "Mtoto nitamfukuzaje kwao? Wewe ndiye uliyemtia damu yako kinywani. Nenda leo hii, ukaling'oe jino la binti yako mbele ya bosi wako, useme ukweli. Akishazoea nyumba yako, usirudi kwangu."

Akaenda mbio. Ukumbi wa makumbusho ulikuwa umejaa wageni waliokuja kusherehekea ugunduzi, taya liko ndani ya kioo, na Profesa, machozi yakimlengalenga, akamshika mkono: "Huyu hapa, dada yetu! Bila mikono yake tusingejua lolote." Watu wakampigia makofi. Akafungua kinywa, akaona aibu, akaona kazi inakwenda, akakifunga.

"Kesho," alijiambia. "Kesho nitasema."

Alipofika nyumbani kulikuwa kimya. Hakusikia kutafuna, wala hakusikia harufu yoyote, na moyo wake ukaanza kutulia, akaona pengine mganga alitia chumvi, pengine yote yalikuwa uchovu wake tu, akasukuma mlango wa chumba cha mtoto akiwa ameshaanza kutabasamu, akamkuta binti yake ameketi kitandani, miguu inaning'inia, mashavu yamejaa kama zamani, akafungua mikono amkumbatie.

"Umechelewa, mama," mtoto alisema, akacheka.

Pengo halikuwepo. Mahali pake palikuwa na jino pana, zito, lenye rangi ya chai.

Na kutoka chini ya kitanda, kwa sauti iliyozibwa na udongo, mtoto mwingine akalia: "Mama, usimkumbatie huyo. Kibogoyo ni mimi."