Mkono Usiovimba

Jumatatu asubuhi, Dkt. Renuka Seecharan alikutwa amelala chali kwenye sakafu ya chumba cha panya wa majaribio, katika taasisi ya utafiti wa pumu, na panya wenyewe walikuwa wakiendelea kutafuna chakula chao kama kawaida. Damu ilikuwa imeganda chini ya kisogo chake. Pembe ya meza ya chuma nayo ilikuwa na damu, pamoja na unywele mmoja mweusi.

Inspekta Odile Chartrand wa kitengo cha mauaji, polisi ya Winnipeg, alisimama juu ya maiti akiwa amevalishwa ovaroli jeupe, glavu, kofia na barakoa. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia humo bila hivyo vyote.

"Raha iliyoje kwa muuaji," alinung'unika. "Alama za vidole hakuna, wala jasho."

Daktari wa polisi aliinuka magotini taratibu. "Alisukumwa, akaanguka kinyumenyume. Ni jana mchana. Na hakufa papo hapo, Odile. Alipumua kama saa nzima. Angepata mtu wa kumsaidia, angepona."

Kwenye rafu moja palikuwa na pengo. Kizimba kimoja cha panya hakikuwapo.

Taasisi ile ilikuwa inatafiti jambo moja ambalo limewatesa wengi: kwa nini kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kumlinda mtu, humgeukia mwenyewe na kumbana pumzi kwa sababu ya vumbi au chavua tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema, ila hawakusema kwamba kinaweza kuwa ndani zaidi ya nguo.

Kufika saa nne, mshukiwa alikuwa amekwisha kupatikana. Aliyempata ni Taras Hrycak, mkuu mpya wa kitengo. Kijana huyu Odile ndiye aliyemfundisha hata kufunga mfuko wa ushahidi, na Ijumaa iliyopita alikatiwa keki kwa kupewa cheo ambacho Odile alikisubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Odile alipiga makofi na wenzake.

Mshukiwa ni Wilf Penner, mtunza panya, mzee mwenye mikono mipana.

"Kadi yako ndiyo iliyofungua mlango jana mchana," alisema Hrycak.

"Kadi, si mimi."

"Kadi ina miguu?"

"Naiacha kwenye ovaroli langu, chumba cha kubadilishia nguo. Kila mtu anajua. Hata marehemu alinigombeza kwa hilo juzi juzi."

"Ahaa. Kumbe mligombana."

"Alinigombeza. Mimi nilinyamaza. Wawili ndio hugombana."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Mtoni Lockport. Nilitoboa barafu, nikavua."

"Nani alikuona?"

"Samaki wawili."

"Usinichezee, mzee."

"Sikuchezei. Na wote nimeshawala."

Odile alicheka. Hrycak hakucheka, alitoka nje, naye Odile akamfuata.

"Jioni namfungulia mashtaka," alisema Hrycak.

"Mapema mno."

"Kadi yake, ugomvi wake, na shahidi hana. Unataka nini tena?"

"Panya waliopotea. Nyumba yake imepekuliwa hadi darini, hawamo. Na mkewe amepooza, Taras. Ni Wilf anayemwinua kitandani na kumlisha. Ukimweka mahabusu hadi kesi isikilizwe, yule mama atapelekwa kituo cha wazee, na hatarudi nyumbani."

"Odile, si kila neno langu lazima ulipinge."

Maneno hayo yalimchoma, maana hakuwa na hakika kwamba ni uongo. Alimwonea Hrycak kijicho, naam, tena kijicho cha kumkosesha usingizi. Je, kama Penner ndiye muuaji, na yeye anamtetea kwa sababu tu ya aliyemkamata?

"Nipe hadi jioni," alisema.

"Hadi jioni. Basi."

Alianza na Dkt. Ingrid Thorlakson, mwanzilishi wa maabara, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mkia mmoja. Yeye ndiye aliyezalisha ukoo wa panya wanaougua pumu kama binadamu. Aliwaita Wagimli, kwa jina la mji alikozaliwa kando ya ziwa.

"Dkt. Seecharan alikuwa nani kwako?"

"Mwanafunzi wangu. Halafu mwenzangu. Halafu..." Alilitafuta neno. "Mrithi."

"Alipokabidhiwa panya wako ulionaje?"

"Nilifurahi sana kwa ajili yake."

Odile aliinua macho. Sentensi ile aliijua. Aliisema mwenyewe Ijumaa, kwa sauti ile ile, akiwa ameshika kisahani cha keki. Mtu aliyefurahi kweli hahitaji kusema "sana."

"Mbona uliwaacha?"

"Sikuwaacha!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Mwili wangu uliwakataa. Nikiwakaribia, macho yanavimba, kifua kinabana. Watu wa usalama kazini wakanifutia kadi ya mlango. Miaka miwili sasa sijakanyaga mle."

"Una mzio wa kitu kingine? Paka? Karanga?"

"Paka nalala naye. Nyasi nazilalia. Ni panya tu." Alitabasamu upande mmoja. "Daktari wa pumu, kapewa pumu na panya wake. Cheka tu, Inspekta, wenzangu walishacheka."

"Kizimba kilichopotea kilikuwa na nani?"

"Wagimli."

"Wana thamani?"

"Kwa Renuka hawakuwa nayo tena. Alizalisha ukoo mpya kutoka kwao, ukoo bora. Wa zamani wangeuawa leo kwa gesi, kupisha nafasi."

"Bora? Nani kasema?"

"Kila mtu," alisema Dkt. Thorlakson, akageukia dirisha.

Wivu Odile aliuona. Lakini wivu si ushahidi. Ungekuwa ushahidi, yeye mwenyewe angekuwa korokoroni tangu Ijumaa.

Alishuka hadi kliniki ya chini, na njiani akagundua jambo. Kila mfanyakazi aliyempita alikuwa akijikuna mkono wa kushoto.

"Mna viroboto humu?" alimuuliza Maricel, muuguzi mkuu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

Maricel alicheka bila kutaka. "Ni Jumatatu, Inspekta. Kila Jumatatu, kabla hatujawachoma wagonjwa kwa kipimo cha mzio, tunajichoma sisi wenyewe kupima dawa. Tone moja la maji ya chumvi. Hilo halifanyi kitu. La pili ni histamini, ile kemikali ambayo mwili huimwaga ukikasirishwa na mzio. Hiyo haina mbabe. Uwe na mzio usiwe nao, utavimba."

"Hata mimi?"

"Lete mkono, mama."

Alimchoma kidogo tu. Haikupita muda, kivimbe kikainuka kama aliyeumwa na mbu, na kikawasha vibaya.

"Asipovimba mtu, maana yake nini?"

"Ama dawa imeharibika, ama amemeza kidonge cha mzio. Kidonge hufunga ngozi siku kadhaa. Ndiyo maana wagonjwa huwa tunawaambia wakome kukimeza mapema kabla ya kipimo. Na hawasikii!"

"Leo yupo ambaye hakuvimba?"

Maricel alisita. "Dkt. Ingrid. Mkono wake ulibaki laini. Akasema chupa imekufa, niitupe."

"Ukaitupa?"

"Mbona ndiyo niliyokuchoma nayo sasa hivi? Wengine wote walivimba."

Odile aliutazama mkono wake. Mwanamke asiyedhuriwa na kitu ila panya, na ambaye panya hajawakaribia miaka miwili, amemeza kidonge cha nini? Chavua? Nje theluji ilikuwa imefika madirishani.

Alimpigia Hrycak simu, akamweleza.

"Mtaalamu mzima," alisema Hrycak, "atatoaje mkono na anajua hautavimba?"

"Desturi hiyo aliianzisha mwenyewe, hajaikosa hata mara moja. Angeikwepa leo, siku ya maiti, wa kwanza kumuuliza ungekuwa wewe. Akaona bora ailaumu chupa."

"Kumeza kidonge si kuua mtu."

"Ndiyo maana nataka hati ya kupekua nyumba yake."

"Niambie ukweli, Odile. Unafanya hivi ili kunionyesha mimi?"

"Kidogo, ndiyo," alisema Odile. "Lakini niombee hati."

Hati ilipatikana alasiri. Dkt. Thorlakson alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani kama wenzake. Alipofungua mlango, pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi. Kidonge kilikuwa kimeituliza ngozi, kifua hakikudanganyika.

"Ingia upesi," alisema. "Baridi itawaua."

Kizimba kilikuwa mezani jikoni, kimewekwa karibu na jiko. Panya weupe wawili, dume na jike, walikuwa wamejikunyata kwenye kona ya mbali naye.

Odile alimsomea haki zake, akamwambia anaweza kumwita wakili. Dkt. Thorlakson alitikisa kichwa, akavuta kiti, akaketi.

"Nilitaka hawa wawili tu, kabla ya gesi," alisema. "Wawili wanatosha kuanzisha ukoo upya."

"Ukachukua kadi ya Penner."

"Ilikuwa inaning'inia."

"Penner yuko rumande. Ulijua?"

"Nilidhani mtamwachia."

"Dkt. Seecharan alikukuta?"

"Jumapili! Nani hufanya kazi Jumapili? Mimi ndiye niliyekuwa nafanya." Alikohoa kwa muda. "Miaka miwili, Inspekta. Kila jioni nasimama nje ya kile kioo cha mlango, namtazama akiwashika. Umewahi kuachwa? Ukasimama barabarani ukamwona mumeo dirishani na mke mwenzio, wanakula? Basi ndivyo nilivyokuwa. Na huyo mke mwenza nilimlea mimi, nikamfundisha hata jinsi ya kumshika panya asiogope."

"Mligombana."

"Angegombana nami ningemsamehe. Alikuwa mpole. 'Ingrid, toka nje, utaugua,' basi. Nikamwambia panya ni wangu, wananijua. Akanitazama kwa huruma. Huruma, Inspekta! Akasema, 'Panya haishi zaidi ya miaka miwili mitatu. Wale waliokujua wamekufa. Hawa hawajawahi kukuona.'"

Alivuta pumzi, kifua kikapiga mluzi.

"Nami nilikuwa nalijua hilo," aliendelea. "Nimeandika vitabu, nitashindwa kulijua? Akaingiza mkono kizimbani. Huyu jike, aliyekuwa ameniuma kwenye glavu, akampanda kiganjani na kutulia. Nikasukuma. Sikumsukuma Renuka, niliusukuma ule utulivu. Lakini aliyeanguka ni Renuka."

Odile alimhurumia, na hilo likamtisha kuliko maiti ya asubuhi. Alikuwa hajawahi kumsukuma mtu. Lakini hatua aliijua. Tangu Ijumaa alikuwa amesimama kwenye ngazi hiyo hiyo, chini kidogo tu.

Alitoa simu, akampigia mkuu wake. "Amekiri. Mwachie Penner aende akamlishe mkewe."

"Umefanya kazi nzuri sana," alisema Hrycak, na ilisikika kwamba amesema kweli. Odile akakata simu.

Lilibaki swali moja.

"Ulipokuwa unatoka, alikuwa anapumua?"

Dkt. Thorlakson aliwatazama panya wake.

"Nimesikiliza mapafu ya watu maisha yangu yote," alisema. "Nilimsikia hadi mlangoni."

"Simu ilikuwa ukutani pale pale. Mbona hukuita mtu?"

"Nilikuwa nimebeba kizimba," alisema. "Mikono ilikuwa imejaa."

Odile alimwambia ainyooshe, akaifunga pingu.