Telki ya Chausiku

Shamali, dhoruba ile ya mchanga, iliwakuta nusu ya njia, mahali ambapo kurudi nyuma kulikuwa kubaya sawasawa na kwenda mbele. Vilima vya mchanga vilianza kufuka, jua likageuka rangi ya kutu, na Hamida, aliyekuwa nyuma juu ya farasi mweupe, akawa anauona mkia wa farasi mweusi mbele yake ukipotea na kurudi.

"Hamida, kaa karibu na mimi!" Mercyline alipaza sauti bila kugeuka.

Amri! Hilo ndilo lililomchoma. Huyu alikuwa akipiga deki hotelini Al Rigga, Dubai mjini, wakati Hamida tayari analisha farasi wa madam. Leo anaongoza yeye, na simu ya kazi amepewa yeye.

Madam alikuwa amewaleta farasi wawili kutoka Aislandi, wafupi, wenye vifua vipana na singa nzito zinazofunika macho. Majina yao ya huko hayakutamkika, basi mweusi akaitwa Chausiku na mweupe Ugali. Jioni hiyo madam alikuwa na wageni kambini jangwani, na alitaka wawaone farasi wakitokea mchangani wenyewe, si wakishushwa garini. Sifa yote ilikuwa ya Chausiku, kwa sababu ya ule mwendo wake: kila mguu unagusa chini kwa zamu yake, haraka haraka, na mgongo umetulia hata mpandaji angeweza kunywa chai. Kwao Hamida, Pangani, punda akienda hivyo husemwa anakwenda telki. Jina hilo alilileta zizini yeye. Telki yenyewe ikawa ya Mercyline.

Hamida alikua juu ya punda wa baba yake. Punda unamvuta, unamtia visigino, mnaelewana. Chausiku akivutwa hivyo alikaza shingo na kumrusharusha mpandaji mpaka meno yagongane. Lakini akipandwa na Mercyline, msichana wa Kisii ambaye kabla ya Dubai hakuwahi hata kumgusa farasi, alikwenda kama maji. Mara nyingi Hamida alitaka kumuuliza anafanyaje. Akaona afadhali afe.

Na mle ndani ya vumbi akafanya ujinga wake. Alimtia Ugali visigino ili apite mbele, walau mara moja aongoze yeye. Ugali, ambaye upepo ulikuwa umeshamtia hofu, akatimua mbio. Hamida akavuta hatamu kwa nguvu zote, farasi akazidi kukimbia. Akasikia kwato za Chausiku zikija nyuma, na sauti ya Mercyline: "Mzungushe! Usimvute moja kwa moja, mzungushe!"

Alimvuta upande mmoja. Ugali akazunguka, akapunguza, akasimama akihema. Hamida alipogeuka, Chausiku alikuwa peke yake, tandiko tupu.

Ukingo wa kilima ulikuwa umemomonyoka chini ya kwato. Mercyline alilala bondeni, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Mfupa wa mtulinga, kati ya shingo na bega, ulisukuma ngozi kutoka ndani.

"Simu?" Hamida aliuliza.

"Nimeilalia."

Kioo chake kilikuwa unga, na nyingine hawakuwa nayo. Chupa ya maji nayo ilipasuka kizibo, yakabaki ya kulowesha midomo tu. Hamida alivua ushungi wake, akabaki na kofia, akaufunga ule mkono kifuani kwa Mercyline. Mercyline aliuma meno.

"Dada, vidole sivisikii."

Hamida alivishika. Vilikuwa baridi, na kucha zimeanza kuwa za buluu.

"Tungoje upepo utulie?"

"Hashir atatutafuta kwa barabara," Mercyline alisema. Hashir alikuwa msimamizi wa zizi. "Na sisi hatuko kwa barabara. Panda Chausiku, uende uite watu."

Wazo hilo lilikuwa tamu. Hamida alijiona akiingia kambini juu ya farasi mweusi, wageni wote wamesimama. Kisha akatazama nyayo walizokuja nazo. Zilikuwa zimefutika. Akiondoka hapa, kilima hiki asingekiona tena, na mwenzake angebaki chini yake. Akaona haya kwamba utamu ule aliuonja kwanza.

"Twende wote," alisema. "Wewe panda Chausiku. Mimi nitamshika kamba nikiwa juu ya Ugali."

Alimpandisha kwa taabu. Kambi ilikuwa kusini, na shamali hutoka kaskazini magharibi. Basi wakauweka upepo kisogoni, upande wa kulia, wakaanza kutembea. Mwendo wa taratibu Mercyline aliuvumilia, lakini jua lilikuwa likishuka na vidole vikizidi kubadilika. Hamida akaharakisha. Chausiku akakaza shingo, akaanza kurusha, na Mercyline akapiga ukelele uliowashtua farasi wote wawili.

Walisimama. Mercyline alitapika ubavuni mwa farasi. Hamida alijua dawa ni moja tu, telki, na aijuaye ni huyo anayetapika. Akameza mate yenye mchanga.

"Unafanyaje?" aliuliza. Ilimtoka kama anang'olewa jino.

"Wacha kumvuta. Kamba iwe na tumbo."

"Nikiilegeza atakimbia."

"Hatakimbia, manze. Tuliza Ugali kwanza. Kaa chini kwa tandiko, usisimame kwa miguu. Ugali akienda mwendo mmoja, huyu ataingia mwenyewe."

Hamida alikalia makalio yake, akashusha mabega, akalegeza vidole. Kamba ikaning'inia kati yao. Ilikuwa vigumu kuliko kubeba gunia, maana mkono wake wote ulitaka kuvuta. Alihesabu kwa mdomo ili Ugali asiongeze wala kupunguza mwendo. Mara Chausiku akainua kichwa, shingo ikalainika, kwato zikaanza kulia mfululizo. Hamida alingoja ukelele. Haukuja.

Alimtazama Mercyline kwa pembe ya jicho. Alikuwa amefumba macho, miguu inaning'inia, hafanyi chochote. Kumbe siri yote ndiyo hiyo, kutofanya! Hamida alikuwa amehangaika miezi na miezi, na huyu anashinda kwa kukaa tu. Wivu ulimpanda upya, mkono ukavuta bila kukusudia, Chausiku akarusha mara moja, Mercyline akaguna.

"Samahani," Hamida alisema, na akailegeza tena kamba.

Walikwenda hivyo, wakipumzika kwa hatua za pole mchanga ulipokuwa laini mno. Maji yaliyobaki alinywa Mercyline. Upepo ulipoanza kuchoka wakauona uzio wa ngamia, wakaufuata, na jua lilipogusa vilima wakasikia honi. Ilikuwa ya gari la Hashir. Nyuma yake kambi, madam, na wageni wameinua simu zao wanarekodi.

"Mashallah!" madam alishangaa walipoingia. "Tazameni Mercy! Mkono mmoja umevunjika na bado anamtoa mwendo!"

Hakuna aliyetazama kamba. Walimteremsha Mercyline, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari kumkimbiza hospitali.

"Madam," Mercyline alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilikuwa mzigo tu. Telki ni ya Hamida."

Madam akageuka, na wageni wakageuka naye. Jambo alilolilia miezi yote lilikuwa mkononi mwa Hamida, naye lilimuuma kuliko matusi. Kumbe hata kwa wema huyu msichana anamshinda! Hilo hakulistahimili.

"Madam, ameanguka kwa sababu yangu," alisema kwa nguvu, kila mtu asikie. "Nilitaka kumpita. Nilimkimbiza Ugali, Mercyline akanifuata kuniokoa."

Madam akazishika hatamu za Ugali.

"Basi hupandi farasi yeyote mpaka nitakapoamua," alisema.

"Sawa, madam."

"Yalla," Hashir alisema akiwasha gari.

Kutoka kiti cha nyuma kikasikika kicheko, kikakatika kwa maumivu, kikaanza tena.

"Dada Hamida! Hata kwa kuungama lazima unishinde?"

Hamida hakubisha.