Simu Isiyoita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wivine alichota maji, akafagia uwanja wa nyumba yao mjini Bunia, kisha akapeleka simu ya mama yake kwa jirani mwenye paneli ya jua ili ichajiwe. Simu ile ilikuwa imezeeka. Hata ikijaa, ilizimika kabla ya saa sita mchana.

Baba yake, Papa Sébastien, aliendesha lori la mizigo kati ya Bunia na Mahagi. Safari hii aliondoka na msaidizi wake, Michée, kijana wa jirani. Alipokuwa akipanda lori alimwambia mkewe, "Mama Wivine, telefone isizimike. Tukifika, nitaita."

Wivine hakutaka mama yake aikose simu hiyo. Rafiki yake Tina alikuwa na simu ya aina ileile, iliyopasuka kioo, naye akampa betri yake. Mama alipokwenda sokoni kuuza maharagwe, Wivine aliketi mezani. Aliipasha simu moto mgongoni kwa pasi ya mkaa juu ya kitambaa, kama alivyoona mafundi wakilainisha gundi, kisha akapenyeza wembe ukingoni. Kifuniko kikaachia. Alifungua skrubu ndogondogo, akaziweka ndani ya kifuniko cha kopo. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye betri yenyewe, iliyokuwa imegandishwa kwa gundi kali. Alichukua kisu, akaibandua kwa nguvu. Kisu kikateleza, na waya mweusi mwembamba kama uzi ukakatika.

Wivine aliutazama kwa hofu. Hakujua kazi yake. Akaweka betri ya Tina, akafunga. Simu ikawaka! Picha zilikuwapo, saa ilikuwapo. Lakini pale juu, mahali pa alama za mtandao, palikuwa na msalaba mdogo.

"Wivine, mbona telefone haina réseau?" mama aliuliza jioni ile.

"Réseau imekatika, mama. Hata kwa kina Tina iko vile."

Uongo ule ulitoka kwa urahisi, na mama hakuwa na sababu ya kuutilia shaka.

Kisha habari mbaya zikafika sokoni. Watu wenye silaha walikuwa wameshambulia magari kwenye barabara ya Mahagi, na malori yalikuwa yamechomwa moto. Mama aliazima simu ya jirani, akaita namba ya mumewe. Haikupatikana. Mama Claire, mzazi wa Michée, ambaye alikuwa mjane na hakuwa na simu, alikuja kukaa nao. Wanawake wale wawili waliketi, simu ikiwa juu ya kigoda katikati yao, mvua ikipiga mabati.

"Kama wako wazima, wataita hapa," mama alisema. "Ni namba hii tu Sébastien anaijua kwa kichwa."

Wivine aliyasikia hayo. Kila alipotaka kusema, alitazama uso wa mama yake akameza maneno. Kadiri alivyokawia, ndivyo kusema kulivyozidi kuwa vigumu. Majirani walianza kuja kukaa uwanjani, wakiongea kwa sauti za chini, kama watu waliokuja matangani. Mama aliacha kula. Mama Claire alikuwa akisali mpaka sauti inamkauka. Na simu, iliyokuwa na betri nzuri kuliko wakati wowote, haikuita.

Asubuhi moja Wivine alimkuta mama akifunga kitenge kiunoni na kutia nguo katika mfuko.

"Mama, unaenda wapi?"

"Nimepata mutu wa pikipiki anakubali kunifikisha. Naenda kutafuta papa yako. Akiwa muzima ao maiti, nimuone."

"Lakini njia haiko salama!"

"Telefone imenyamaza, mutoto wangu. Nitaiangalia mpaka lini?"

Wivine alishika kile kitenge kwa mikono miwili. "Mama, usiende! Réseau haikukatika. Ni mimi nilifungua telefone kubadilisha betri. Nikakata waya. Nilikudanganya."

Mama aliuweka mfuko chini. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alichukua simu kwa mkono mmoja na mkono wa Wivine kwa mwingine, wakaenda karibu kukimbia hadi kwa Bijou, fundi wa simu kando ya soko, ambaye watoto humwita "Ya" kwa heshima.

Bijou aliifungua simu, akainamisha taa yake. "Ni weye ulikata hii?"

"Ndiyo, Ya Bijou."

"Ni waya ya antena. Bila hii, telefone haisikii kitu. Na kisu karibu na betri? Ingetoboka, ingekuwakia usoni."

Alitoa waya kama ule kutoka simu moja mbovu, akaubana mahali pake, akafunga. Msalaba mdogo ukatoweka. Ujumbe ukaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, wote kutoka namba wasiyoijua. Kabla mama hajausoma, simu ikaita.

"Mama Wivine? Ni weye?" Ilikuwa sauti ya baba, dhaifu. "Nimeita na kuita! Nilifikiri hata ninyi mumekufa." Alikuwa hospitalini Mahagi, mguu umevunjika. "Lakini Michée iko vibaya sana. Risasi ilimuingia tumboni. Anaita mama yake tu. Mutafute Mama Claire, haraka!"

Mama Claire alikuja bila viatu. Wivine alisimama pembeni, akasikia maneno ya upande mmoja tu: "Ndiyo, mwanangu. Niko hapa. Hapana, sijakasirika. Niko hapa."

Kesho yake Michée alifariki.

Papa Sébastien alirudi baadaye, akitembea kwa magongo. Mama alimwambia Wivine, "Sasa twende kwa Mama Claire. Utamwambia weye mwenyewe."

Wivine alieleza yote, kuanzia pasi ya mkaa hadi uongo, akilia. Mama Claire alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungesema mapema," alisema, "ningeongea na mwanangu zaidi. Ungenyamaza siku moja tena, nisingemsikia kabisa. Yote mawili ni kweli, Wivine. Uyabebe yote mawili. Kuharibu kitu si aibu kubwa. Mikono ikikosea, fundi hutengeneza. Lakini ukificha kosa, hakuna fundi anayeweza kulifikia. Ni weye tu mwenye kulifungua, na kila siku unayongoja, kuna mutu mwingine anayelipa."

Kisha alisogea kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa.