Aliyeitika Jina la Peguy

Jezi ile haikuwa na sababu ya kulowa. Ilikuwa ndani ya fremu ya kioo, imetundikwa juu ukutani, mbali na bomba na mbali na dirisha, na Durban haikuwa imeona mvua kwa wiki mbili. Lakini Jumanne ile asubuhi, kinyozi wa Umbilo Road alipopitisha kitambaa kama kawaida yake, aliona matone yakiteremka kwa ndani ya kioo, kutoka kwenye namba moja mpaka kwenye pindo. Akafungua fremu, akagusa. Jezi ilikuwa chapachapa, nayo ilinuka tope na dawa ya kuchulia misuli.

Wateja walimwita Kipa Peguy. Ndivyo kibao cha mlangoni kilivyosema, ndivyo karatasi zake za ukimbizi zilivyosema, na ndivyo mkewe Marcelline alivyomjua tangu siku ya posa. Ukuta wa saluni ulikuwa shahidi wake: vitu vya Club Pélican, timu ya mji wa kwao Kalemie, yaani picha kubwa ya wachezaji kumi na mmoja, bendera ya pembetatu, tiketi za mechi zilizopauka, filimbi ya refa, na glavu za kipa zilizoshonwa kidole gumba kwa uzi mwekundu. Wakongomani walitoka mitaa ya Sydenham na Overport kuja kunyolewa hapo, wakae chini ya picha wasimuliwe penalti aliyodaka dakika ya mwisho. Naye alisimulia mpaka utadhani nyasi bado zimeganda magotini.

Ila jina alilopewa na mama yake ni Innocent, na Innocent hajawahi kudaka hata chungwa. Alikuwa mfuaji wa jezi. Afadhali tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe alikaa miaka ishirini na saba bila kulisema.

Pélican ilikuwa na desturi. Kabla gari halijaondoka, nahodha anasoma majina na kila mchezaji anajibu, "Niko!" Asiyeitika husubiriwa, hata mechi ichelewe. Mwaka wa vita, lori lilipokuja kuitoa timu mjini kabla ya alfajiri, desturi ilikuwa ile ile, na asiyekuwemo kwenye orodha hakuruhusiwa kupanda. Mfuaji hakuwemo. Alikuwa amepanda na sanduku la vifaa, akajibanza nyuma akingoja kushushwa. Peguy, kipa mwenyewe, alikuwa amekimbia nyumbani kumuaga mama yake. "Minarudia sasa hivi," alimwambia Innocent, akamwachia glavu zake. "Uambie kapiteni anigojee."

Mvua ilikuwa inanyesha. Nahodha akaita, "Peguy!" Kimya. Akaita tena. Innocent akaitika kutoka gizani, "Niko!" na lori likaondoka.

Mengine yalikuwa mepesi. Kituo cha kwanza aliteremka na sanduku akapotelea kwenye umati. Huku kusini alitoa jina aliloitikia, na fundi mmoja wa picha akambandikia uso wake juu ya mwili wa kipa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa imeshavuka nchi nne na kumpa mke na binti.

Jumanne hiyo akamwonyesha jezi jirani yake Gadiel, Mtanzania anayeuza makava ya simu mlango wa pili. Gadiel aliinusa, akashusha sauti.

"Kaka, huo si unyevu. Kwetu tunaonywa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ukiitika, jini umelikaribisha mwenyewe."

"Na mutu akiitika jina lenye haliko yake?"

Gadiel akacheka. "Hilo sijawahi kulisikia. Labda mwenye jina atakuja kuuliza ni nani aliyemwitikia." Akaona mwenzake hacheki. "Natania tu, Kipa."

Alhamisi mchana umeme ulikatika. Binti yake Mireille, anayetengeneza simu kwenye meza ya mbele, alikuwa ametoka kununua bunny chow, mkate uliojazwa mchuzi, na Marcelline alikuwa kwa mteja wa kusuka. Feni ikasimama. Innocent akabaki peke yake na mashine ya kunyolea mkononi, na ndani ya ule ukimya akasikia mpira ukidunda, mmoja, taratibu, kama mtu anayejipasha misuli nyuma ya ukuta, kisha harufu ya dawa ya misuli ikajaa chumba kizima mpaka macho yakamchoma, na kutoka kwenye picha, au kutoka mahali ambapo picha ilikuwa inatazama, ikaja sauti ya nahodha aliyoifahamu kuliko sauti ya baba yake, ikiita jina moja baada ya jingine, na kila jina likijibiwa, niko, niko, niko, wengine kwa karibu, wengine kwa mbali sana kama watu walio chini ya maji, hadi wakatimia kumi, ndipo sauti ikaita, "Peguy!" ikangoja, ikaita tena, na kinywa chake, kilichozoea kazi hiyo miaka yote, kikafunguka kabla hajakizuia.

"Niko," akasema.

Nyuma ya shingo yake glavu mbili zilizolowa zikapiga kofi, mara moja. Hakugeuka. Umeme uliporudi alikuwa amesimama vile vile, na kwenye picha ule uso wake wa kubandika ulikuwa umevimba na kubanduka nusu.

Aliona aibu kabla hajaona hofu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Usiku alijaribu kumwambia Marcelline. Alifika mpaka kwenye "Mama Mireille, iko kitu moja," akaishia kuuliza chumvi iko wapi.

Jumamosi saluni ilikuwa imejaa. Mireille akaja mbio kutoka mezani kwake, simu mkononi, uso unang'aa. Alikuwa amepiga picha ukuta ule, fremu kwa fremu, akazituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Kalemie, kwa ajili ya kumwonea fahari baba yake.

"Papa! Iko mama mumoja wa Kalemie kwa video. Anaitwa Joséphine. Anasema glavu ile alishona yeye. Anasema... anasema ni mama yako. Si ulituambia alikufa?"

Marcelline akaacha kusuka. Wateja wakageuka. Innocent angeweza kutoka nje, angeweza kuzirai, lakini simu ilikuwa imeshafika mkononi mwake, na ndani yake bibi kizee mwenye kitambaa cheupe kichwani alikuwa ameisogelea kamera mno, jicho moja na nusu ya mdomo.

"Peguy? Mutoto yangu? Waliniambia lori lilienda na wewe. Walisema uliitwa na uliitika. Kwa hiyo siku ile sikukutafuta. Nikakaa na hasira miaka yote hii, juu ulienda bila kuniaga." Alikuwa analia. "Onyesha sura, basi. Macho yangu haiko muzuri."

Bibi akaisogeza simu yake mbali kidogo, akatazama. Alimtazama Innocent kwa muda mrefu, bila kumtambua, kama mtu anavyotazama mlango. Halafu macho yake yakapanda juu ya bega lake, yakatua hapo, na uso wote ukafunguka.

"Njo wewe, ni wewe kabisa! Haujazeeka hata kidogo. Lakini mbona umelowana vile, mutoto yangu?" Akakunja uso. "Na ule mubaba iko mbele yako, ni nani?"

Tone la maji baridi likamdondokea Innocent shingoni. Mikono miwili mizito ikatua mabegani mwake kwa upole, na kidole gumba kimoja kilikuwa na uzi mwekundu. Haikumbana, haikumkaba. Ilikuwa inangoja ajibu. Jibu lilikuwa la maneno machache, na mama wa watu alikuwa amelingoja miaka ishirini na saba, na mbele yake walikuwa mkewe, binti yake na nusu ya watu waliompa heshima mjini humu. Fedheha ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

Akabonyeza kitufe chekundu.

"Papa?" Mireille alisema polepole. "Alikuwa anaongea na nani?"

"Réseau ya simu iko mubaya," akasema Innocent, na akachukua ufagio akaanza kufagia nywele ambazo zilikuwa zimeshafagiwa.

Jumatatu asubuhi alikaa kwenye benchi la wateja, hana nguvu ya kufungua droo. Alikuwa ameapa usiku kucha: akiitwa jina lile tena, hataitika. Gadiel akapita nje, akagonga kioo kama kila siku.

"Kipa Peguy, upo?"

Innocent akauma ulimi.

"Niko!" ikaitika sauti ya kijana kutoka kwenye kiti cha kunyolea.

Gadiel akaingia akicheka. Akapita mbele ya benchi bila kutazama, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti kilichogeuziwa ukuta, akapeana mkono na aliyekuwa amekikalia, akamuuliza habari za Jumapili. Marcelline akatoka nyuma na chai, akaiweka hapo hapo, akamfuta aliyekaa maji shingoni kwa kanga yake, na kumgombeza kwa sauti ya mke. Kwenye picha ukutani kipa alikuwa na uso wake, kijana, anatabasamu.

Mireille akainua macho mezani, akamwona mzee kwenye benchi.

"Papa, bonjour. Tukusaidie nini?"

Alisema "Papa" kwa adabu, kama anavyomwambia mwanamume yeyote wa umri ule anayeingia dukani. Hakukuwa na kitu kingine ndani ya neno hilo. Innocent alilitafuta lile la jana, hakulipata.

"Mimi," akasema, akaanza upya. "Mimi Innocent. Mufuaji wa majezi."

Kiti kikazunguka taratibu. Aliyekuwa amekaa akavua jezi yake namba moja, ikitiririka maji na tope, akaikunja na kumrushia, kama zamani baada ya mechi.

Innocent akaidaka.