Kuaga Nyumbani kwa Bibi Eunice

Haya yalimpata rafiki yangu Verna Shawnoo, wa hapa hapa rizavu, eneo tulilotengewa sisi Wachipewa, na hapendi kuyarudia.

Siku hiyo tulikuwa tumemzika Bibi Eunice, mtu wa mwisho kwetu aliyeota ndoto kwa Kichipewa. Verna alikuwa amepika, ameosha masufuria, amewarudisha wazee makwao. Alichotaka ni kitanda tu. Binamu yake Lyle akampigia simu.

"We mama mazishi, pitia kwa Bibi ukafunge maji. Baridi hii itapasua mabomba."

"Kwani mikono yako tumeizika naye?"

"Mgongo, dada. Mgongo!"

Akaenda, akisonya. Jua la Januari lilikuwa limeshazama, na umeme wa nyumba umekatwa. Alishuka ngazi za chumba cha chini kwa kupapasa, akazungusha koki mpaka maji yakaacha kunguruma ukutani. Kukawa kimya. Kwa uchovu, bila kufikiri, akaaga kwa Kichipewa kama alivyozoea kumuaga Bibi: "Baamaapii," yaani tutaonana baadaye.

Gizani, kwenye rafu za chupa za matunda ya akiba, mtu akalirudia neno lile polepole, akivuta silabi ambayo Verna huikosea siku zote. Kisha akasubiri, kama mwalimu.

Verna akalisema tena.

"Bado," ikajibu sauti kwa lugha ile ile, ila sasa ilitokea ngazini, kati yake na mlango.