Jerikeni kwenye Mkono wa Kulia

Kila asubuhi Barbara alikwenda kwenye kisima cha pampu, kijijini Masinya. Alijaza jerikeni kubwa, akairudisha nyumbani ikining'inia kwenye mkono wa kulia. Wasichana wenzake walibeba kichwani. Yeye alikatazwa na baba yake.

Baba huyo, Matayo, hakukosa mafundisho. Barbara alikuwa muogeleaji, na baba alitaka ashinde mashindano ya ziwani Majanji. "Mkono ya kuogelea inataka kazi," alimwambia. "Beba na mkono, itapata nguvu." Matayo mwenyewe hakujua kuogelea hata kwenye beseni.

Bega likaanza kuuma. Kuchana nywele kukawa adhabu, na kulalia upande ule kukashindikana. Barbara alinyamaza. Aliogopa kukatazwa ziwa.

Jumamosi moja alikuwa mazoezini Majanji. Mama yake, Dorcas, alisimama ufukoni akitazama. Aliona mkono wa kulia wa binti yake ukipanda na kushuka, kisha haukupanda tena. Kichwa kikazama. Dorcas alipiga mayowe. Kwa bahati palikuwa na wavuvi karibu. Walipiga makasia haraka, wakamtoa majini.

"Mama, mkono ilikataa," Barbara alisema alipofikishwa ufukoni. "Nilikuwa naiita, haikuja."

Maneno hayo yalimwingia Dorcas mpaka kwenye mifupa. Walipofika nyumbani hakutaka hata kuketi. Yeye na mumewe walimpeleka binti yao moja kwa moja kwa jirani yao Patience, mtaalamu wa viungo katika zahanati moja ya Tororo.

Patience alimwambia Barbara ainue mikono polepole. Wa kulia ulikwama njiani.

"Wewe nasikia uchungu wapi?" Patience aliuliza.

"Hapa mbele. Hata nikilala."

"Na nyumbani wewe nafanya kazi gani?"

Barbara akatazama chini. Matayo akajibu, "Yeye nabeba maji na huo mkono. Mimi ndio nilisema."

"Mzee Matayo," Patience alisema, "muogeleaji nainua mkono juu ya kichwa siku yote. Kamba za ndani zinashika bega zinachoka, zinavimba. Zinataka pumziko. Sasa ikitoka kwa maji, wewe naipatia jerikeni iivute chini. Itapona saa ngapi?"

"Nyanya yake alisema tuvute mkono, irudi pahali yake," Dorcas alisema.

"Hapana, mama! Mkono haijatoka. Mkivuta, mtaharibu kabisa."

"Ataogelea tena?"

Patience alilitazama tena bega lile.

"Akifuata masharti, naamini ndiyo. Asipofuata, bega itakataa tena. Siku hiyo wavuvi wanaweza kuwa mbali."

Barbara akaacha kuogelea kwa muda. Maji yalibebwa kwa baiskeli, na aliyeisukuma alikuwa Matayo. Wanawake kisimani walimcheka, naye akavumilia. Vyombo vilishushwa kutoka rafu ya juu, Barbara asijinyooshe kuvifikia. Mkoba wa shule aliuvaa kwenye mabega yote mawili. Usiku alilala chali, mkono umeegemea mto.

Maumivu yalipopungua, Patience alifunga kipande cha mpira wa baiskeli kwenye mwimo wa mlango. Barbara aliuvuta taratibu, viwiko vikirudi nyuma. "Ikiuma, acha," Patience alimwonya. "Na mkono ikikufa ganzi au ikiisha nguvu, kuja kwangu mara moja. Usifiche tena."

Hakuficha tena. Kila siku alisema ukweli, hata siku ambazo ukweli ulimchelewesha kurudi majini. Hatimaye Patience alimruhusu kurudi ziwani, kwa umbali mfupi kwanza, mtumbwi ukimfuata.

Siku hiyo Dorcas alisimama palepale ufukoni. Hakutazama kitu kingine ila mkono ule wa kulia. Ulipanda. Ukashuka. Ukapanda tena, ukaendelea kupanda mpaka Barbara akagusa mchanga.

Dorcas aliingia majini na gauni lake la kanisani. Kwa mazoea akanyoosha mkono auvute mkono wa kulia wa bintiye, kisha akajizuia. Akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili, akamsimamisha.