Picha za Kuatamiwa

Bomba lilikuwa limekauka tangu asubuhi, na jua lilikuwa limeshazama nyuma ya kilima Violeth alipochukua dumu la lita kumi aende chemchemini. Monica, mtoto wa miezi minane, alikuwa mgongoni. Kamera ilikuwa bado shingoni. Alikuwa ametoka nayo kwa jirani yake Scolastica, kwenye sherehe ya komunyo ya kwanza, akasahau kuivua.

"Chota maji urudi," mama mkwe wake, Bibi Marieta, alimwambia kutoka jikoni. "Usiongee na mtu pale. Na hicho kidude chako kisilie kwenye maji ya wenyewe."

"Wenyewe gani, mama? Si chemchemi ya kijiji?"

"Haya. Cheka tu."

Violeth alikuwa na kamera saba za zamani, zile zinazotema picha papo hapo. Nyingine alizipata mnadani, nyingine aliachiwa na sista mzee aliyerudi kwao. Filamu zilikuwa zimepitwa na muda, na Daudi, kijiji chao, ni nchi ya baridi. Picha ya namna hiyo ikishikwa na baridi kabla ya kuiva hubaki nyeupe, kama maziwa yaliyozidiwa na maji. Kwa hiyo kila picha aliitia ndani ya mbeleko, katikati ya mgongo wake na kifua cha mtoto, ikaiva humo kwa joto la watu wawili. Wanawake wa Daudi walimtania: "Mama Monica, mayai yako bado hayajaanguliwa?"

Mama Monica. Mwaka juzi tu alikuwa Mama Joaki.

Ilikuwa Julai, asubuhi ya ukungu. Joakimu, miaka minne, alisimama getini na sweta jipya la bluu. "Mama, nipige." Violeth alikuwa anachelewa gari la Mbulu mjini. Akampiga, akaiweka picha juu ya ukuta, akakimbia. Kuitia kwapani kungemchukua muda gani? Jioni aliikuta palepale: sweta la bluu, na juu ya kola, weupe mtupu. "Tutapiga nyingine jua likitoka," alimwambia. Jua halikutoka siku nne. Siku ya tano nimonia ilimchukua. Picha za kwenye simu nazo fundi alikuwa ameshazifuta akiitengeneza.

Msibani walimwambia, "Nyamaza, utazaa mwingine."

Alizaa mwingine. Na kila kulipokucha, uso wa yule wa kwanza ulikuwa umepungua kidogo. Lile pengo, jino alilong'olewa na teke la ndama... lilikuwa kushoto au kulia? Hakumbuki. Yeye, mama mzazi, hakumbuki.

Vyura walikuwa wanapiga kelele alipofika. Akainama na dumu lake.

Wakanyamaza. Wote. Mara moja.

Kisha ikaja harufu. Si ya matope, si ya matete. Sabuni ya mche... uji wa ulezi... nywele za mtoto aliyetoka kucheza.

Juu ya jiwe la kufulia alikaa mwanamke, amempa mgongo, amejifunika blanketi jeusi. Blanketi lilikuwa linachuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Mapajani mwake alikuwa amelaza kichwa mtoto mdogo, uso umezama kwenye blanketi. Mtoto alivaa sweta. Kwa mwanga ule, rangi haikuonekana.

"Shikamoo," alisema Violeth.

Mwanamke hakuitikia marahaba.

"Umechelewa, Mama Joaki."

Miguu ilimwambia kimbia. Jina likamshika. Zaidi ya mwaka hakuna aliyemwita hivyo, na hakujua kama alikuwa na kiu nalo kiasi kile.

"Mpige," sauti ilinong'ona. "Zimebaki mbili."

Filamu zilikuwa zimebaki mbili kweli.

Mikono yake iliikunjua kamera kabla akili haijakubali. Klak. Zzzzz... Picha ikatoka, nyeupe. Kwa mazoea tu, akaipenyeza ndani ya mbeleko, kwenye kifua cha Monica. Akasali Salamu Maria kumi, kama alivyozoea kupima muda. Akaitoa.

Sweta la bluu. Shingo. Kidevu.

"Haijaiva," alinong'ona mwanamke. "Irudishe kwenye joto."

Akairudisha. Salamu Maria kumi nyingine. Akaitoa tena, na hapo akapiga goti kwenye tope. Mdomo ulikuwa umetokea. Unacheka. Na pengo lilikuwa kushoto.

"Kushoto," alisema huku analia. "Joaki baba yangu, lilikuwa kushoto..."

"Yamebaki macho tu."

Akairudisha mara ya tatu. Alikuwa amefika Salamu Maria ya nne alipogundua kwamba mgongo wake umepoa. Monica, ambaye tangu kwa Scolastica alikuwa anavuta nywele zake na kupiga teke, alikuwa ametulia. Violeth alipeleka mkono nyuma, akashika kisigino cha mtoto.

Kilikuwa baridi kama kokoto ya chemchemi.

"Ana nini mtoto wangu?"

"Mwache aive mmoja," mwanamke alisema, taratibu, kwa sauti ileile ya wanawake wa msibani. "Huyo usimlilie. Utazaa mwingine."

Utazaa mwingine.

Violeth alifungua mbeleko kwa meno na kucha. Akamvuta Monica mbele, akamtia ndani ya blauzi, ngozi kwa ngozi. Picha ilibaki mkononi. Paji la uso lilikuwa limeshatokea, na nyusi. Chini ya nyusi, ukungu mwembamba, na ndani ya ukungu ule kitu kilikuwa kinakuja...

Kwenye jiwe, mtoto alianza kuinua kichwa.

Violeth akafumba macho. Akaizamisha picha ndani ya maji.

"Mama," sauti ndogo ilisema, karibu kabisa na sikio lake. "Mbona baridi?"

Aliacha dumu. Aliacha kiatu kimoja. Hakugeuka.

Bibi Marieta alikuwa mlangoni. Alimpokea mtoto, akampaka mafuta ya kondoo, akamsugua mbele ya moto mpaka mikono yake mwenyewe ikavimba. Saa nzima. Kisha Monica akakohoa, akalia kwa hasira, na Violeth akaketi chini, mgongo ukutani.

"Ulimwita Joaki?" Bibi aliuliza.

"Waliniita wao, mama, hao wenyewe. Waliniita Mama Joaki."

Bibi alichochea moto. "Mama yangu aliwaita netlangw, wenye maji," alisema. "Padre anasema ni huzuni tu. Mimi nimezika wawili, Violeth, na tangu hapo chemchemini napita na kidole mdomoni. Hicho tu ndicho ninachojua."

Asubuhi yake Violeth aliikunjua mbeleko aifue. Kitu kikadondoka. Picha, nyeupe yote, haijaiva. Akaichukua kamera, akatazama kidirisha cha kuhesabia filamu. Alikuwa amepiga moja. Ilipaswa kubaki moja.

Sifuri.

"Ichome," alisema Bibi.

"Nimeshamzamisha, mama. Nimchome tena?"

Wakaitia kwenye kopo la majani ya chai, wakalitundika nje chini ya paa, upande unaopigwa na upepo wa usiku. Ikae baridi. Isipate joto la mtu. Violeth hakulifungua kopo lile, na Monica hakuambiwa kamwe kwamba aliwahi kuwa na kaka.

Miaka mitatu ikapita.

Juzi, alasiri ya ukungu, kopo lilikutwa chini, limefunguka. Violeth alizunguka nyumba mbio. Alimkuta Monica nyuma ya ghala, peke yake, amechuchumaa, midomo imebadilika rangi. Mkono wa kushoto ameubana ubavuni kwa nguvu zake zote.

"Monica. Una nini hapo kwapani?"

"Naatamia."

"Unaatamia nini, mwanangu?"

"Kaka Joaki. Anasikia baridi."

Violeth alimshika kisigino. Kokoto ya chemchemi. Akanyoosha mkono. "Mpe mama. Sasa hivi."

Mtoto akazidi kubana, akatabasamu na midomo ile ya bluu.

"Subiri kidogo, mama. Yamebaki macho tu."

Na Violeth, Mungu amsamehe, akasubiri kidogo.